Sura ya 6: Sinema ya Magari ya Msasani

Wazee wa Dar es Salaam wakikaa kuhesabu majumba ya sinema ya zamani, orodha huanza na Avalon, ikaenda Empire, Empress, Odeon na New Chox. Kisha mmoja wao huitaja Drive-In, na kijana aliyekaa pembeni huuliza swali ambalo limekuwa likiulizwa kwa miaka mingi: hivi kweli serikali ya Mwalimu Nyerere, ile iliyohubiri Ujamaa, ilijenga sinema ya watu wenye magari?

Kijana hudhani wazee wanatia chumvi. Hawatii. Sinema hiyo ilifunguliwa Msasani mwaka 1966, ikiwa mali ya umma, na watu walikwenda kwa wingi. Walikaa ndani ya magari yao au juu ya magari ya wenzao, wakatazama filamu kwenye ukuta mkubwa mweupe uliosimama peke yake uwanjani. Leo ukuta huo haupo, na uwanja wenyewe hauingiliki bila kukaguliwa na askari. Tutafika huko.

Ili kulielewa jibu inabidi kwanza tujue sinema ya magari ni biashara ya namna gani. Wengi hudhani ni biashara ya filamu. Kwa maoni yangu filamu ilikuwa sehemu ndogo tu ya mambo, na mwenye kuitazama filamu peke yake hataelewa kwa nini sinema hizi zilizuka ghafla, wala kwa nini zilikufa kila mahali kwa namna inayofanana.

Mtu wa vilainishi

Richard Hollingshead alikuwa Mmarekani wa jimbo la New Jersey, na familia yake ilitengeneza vilainishi na vifaa vya kutunzia magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka vibaya. Hollingshead aliona kwamba hata katika dhiki ile kulikuwa na vitu viwili ambavyo Wamarekani waliviachia mwisho kabisa: gari na sinema. Akajiuliza kama vinaweza kuuzwa pamoja.

Majaribio aliyafanyia nyumbani kwake, katika mji mdogo wa Riverton. Alitundika shuka jeupe kwenye miti, akaweka projekta (mashine ya kurusha picha) juu ya boneti ya gari, na redio nyuma ya shuka ili sauti itokee upande wa picha. Akaegesha gari moja nyuma ya lingine, na hapo tatizo la kwanza likajitokeza: aliyeko nyuma haoni kitu isipokuwa paa la mwenzake. Akayaweka magurudumu ya mbele juu ya vipande vya mbao mpaka pua ya gari ikainuka kiasi cha kutosha. Akafungulia hata mpira wa kumwagilia bustani, kuona kama mvua itaharibu picha.

Mbao zile ndizo zilizomletea hataza. Hataza ni hati ya serikali inayompa mbunifu haki ya peke yake juu ya alichobuni kwa muda maalumu. Yake ilitolewa Mei 1933, na haikuhusu projekta wala shuka. Ilihusu namna ya kupanga ardhi. Uwanja uligawanywa katika safu zilizopinda kuelekea kwenye skrini, na kila safu ikawa na tuta linaloinua mbele ya gari. Tarehe 6 Juni 1933 akafungua uwanja wa magari 400 karibu na mji wa Camden. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu, lakini familia nzima haikutozwa zaidi ya dola moja.

Filamu ya usiku wa kwanza ilikuwa ya Uingereza, ikichezwa na Adolphe Menjou, na ilikuwa imeshaonyeshwa kwingine. Tabia hiyo ilibaki kuwa ya sinema za magari kwa miaka mingi: kampuni kubwa za filamu ziliwapa wamiliki wake filamu zilizokwisha kupita kwenye majumba ya mjini. Hollingshead mwenyewe hakudumu pale Camden. Baada ya miaka michache alihama, na mwaka 1949 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaibatilisha hataza yake kwa hoja ambayo haiko mbali na akili ya kawaida: kuinua tuta la udongo na kulipinda si ubunifu wa kumilikiwa na mtu mmoja.

Hukumu hiyo ilifungua mlango. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa na sinema za magari zaidi ya 4,000, nyingi zikiwa pembezoni mwa miji midogo ambayo haikuwa na jumba la maana la sinema.

Inavyofanya kazi

Msomaji ambaye hajawahi kuiona huuliza mambo matatu: picha inaonekanaje, sauti inasikikaje, na watu wanakula wapi.

Picha inahitaji giza. Hilo linaonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba nchi zilizo mbali na ikweta hazipati giza kwa wakati mmoja mwaka mzima. Kaskazini mwa Marekani, Juni na Julai, jua huzama karibu saa tatu usiku. Filamu ikianza saa tatu na nusu, baba anayeamka alfajiri kwenda kiwandani hafiki mwisho wake. Na mwaka 1966, ule ule ambao Drive-In ya Msasani ilifunguliwa, Marekani ilipitisha sheria ya kusogeza saa mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi karibu nchi nzima. Wenye sinema za magari waliilalamikia sana, maana iliwachelewesha saa nzima katika miezi ile ile waliyoitegemea kwa mapato. Katika majira ya baridi, theluji iliwafungia kabisa.

Sasa ilinganishe Dar es Salaam. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro, Januari hadi Desemba, na giza la pwani halina subira. Saa moja na nusu usiku picha inaonekana vizuri, na baada ya filamu ya kwanza kuna nafasi ya nyingine. Theluji hakuna. Ukimpa mfanyabiashara ramani ya dunia bila kumwambia chochote kuhusu kipato cha watu, angeijenga sinema ya magari hapa kabla ya kuijenga Pennsylvania.

Kuna masika, bila shaka. Machi hadi Mei mvua ya Dar es Salaam hainyeshi kama mpira wa bustani wa Hollingshead. Kuna joto pia, linalolazimisha vioo vishushwe, na vioo vikishushwa mbu wa Msasani huingia bila tiketi.

Sauti iliwasumbua zaidi. Sinema za kwanza ziliweka spika kubwa karibu na skrini na kufungua sauti mpaka mwisho. Majirani walikasirika, na watazamaji wa nyuma walipata kero nyingine. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliyekaa mita 170 kutoka kwenye spika anamwona mchezaji akifumbua mdomo, kisha anasikia neno nusu sekunde baadaye. Dawa ilikuwa spika ndogo ya chuma, moja kwa kila gari, iliyoning'inia kwenye nguzo kwa waya. Mtazamaji aliichukua, akaitundika kwenye kioo, akarekebisha sauti mwenyewe. Akisahau kuirudisha, aliondoka nayo pamoja na waya wake. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1980, sauti ikaanza kurushwa kwa masafa ya FM ikasikika kupitia redio ya gari, na nguzo zikang'olewa.

Kuhusu chakula, Marekani kila sinema ya magari ilikuwa na duka katikati ya uwanja, na faida kubwa ilitoka humo, maana fedha ya tiketi iligawanywa na wenye filamu lakini fedha ya bisi na soda haikugawanywa na mtu. Afrika Mashariki hesabu hiyo haikwenda sawasawa. Familia za Kihindi za Nairobi na Dar es Salaam zilikuja na vyungu vyao. Waliotumia Jumapili zao katika sinema hizi husimulia bhajia, kachori, mihogo ya kukaanga na chai ya kwenye chupa kwa undani kuliko wanavyosimulia filamu.

Kwa kifupi: sinema ya magari inahitaji giza la mapema, sauti inayofika kwa wakati, watu wenye namna ya kufika, na uwanja mkubwa wa bei nafuu. Vitatu vya kwanza vina ufumbuzi wa kiufundi au wa kijamii. Cha nne hakina.

Hesabu ya ardhi

Moja ya sinema kubwa kabisa za aina hii ilikuwa Copiague, jimbo la New York. Ilichukua magari 2,500 katika ekari 28. Tufanye hesabu. Ekari 28 ni kama mita za mraba 113,000, na ukizigawa kwa magari 2,500 kila gari linapata takriban mita za mraba 45, pamoja na njia, tuta na duka. Ndani ya gari wakiwamo watu wanne, kila mmoja amekalia mita za mraba 11. Katika jumba la sinema la kawaida, kiti cha mtu mmoja pamoja na sehemu yake ya ujia hakifiki mita za mraba mbili.

Kwa lugha ya mwenye kiwanja, sinema ya magari hutumia ardhi mara tano au zaidi kumhudumia mteja yule yule, na huitumia saa chache tu za usiku. Hakuna biashara ya mjini inayoweza kustahimili ubadhirifu wa namna hiyo. Ndiyo maana zilijengwa pembezoni, mahali ambapo jana palikuwa shamba. Wengi wa wamiliki walijua kwamba mji unakuja. Tiketi zililipa kodi ya kiwanja na kuacha faida kidogo wakati mwenyewe akisubiri siku ambayo mjenzi wa maduka atabisha hodi na hundi mkononi.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Johannesburg. Huko sinema ya magari iitwayo Top Star iliwekwa juu ya mlima wa mchanga uliotolewa migodini, karibu kabisa na katikati ya jiji, na watazamaji walikuwa na taa za mji mzima chini yao. Sehemu ile ilionekana haifai kwa kingine chochote. Lakini mchanga ule ulikuwa na dhahabu kidogo ambayo mitambo ya zamani ilishindwa kuitoa. Teknolojia ilipoboreka, ikawa inalipa kuusafisha upya. Sinema ikafungwa mwaka 2006, na mlima wenyewe ukachotwa ukaisha. Kwingineko tunasema ardhi ilipanda bei. Top Star iling'olewa kwa sababu ilikuwa imekalia dhahabu.

Msasani, 1966

Turudi nyumbani. Swali la kijana lina kasoro ndogo ya tarehe. Azimio la Arusha, lililoufanya Ujamaa kuwa siasa rasmi ya nchi, lilitangazwa Februari 1967. Drive-In ilifunguliwa mwaka mmoja kabla yake, katika kipindi ambacho serikali ya nchi changa ilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba Uhuru umeleta kitu cha kushikika. Hoteli ya Kilimanjaro, nayo ya umma, ilikuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia. Mtu akizitazama sinema na hoteli hiyo pamoja anaona nia ile ile: vitu vya kisasa ambavyo mkoloni alivifurahia au kuviona kwao sasa viwe vyetu, tena mapato yake yaingie kwenye mfuko wa taifa.

Mapato hayakuwa jambo la kudharau. Watanzania walikuwa wapenzi wakubwa wa sinema kwa muda mrefu. Zanzibar ilikuwa na jumba la maana, Royal, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Lakini karibu majumba yote, bara na visiwani, yalijengwa na kuendeshwa na wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Serikali ilikuwa inachukua kodi ya burudani mlangoni, basi. Kujenga sinema yake yenyewe, tena ya aina ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo mjini, kulikuwa ni kuingia katika biashara iliyojulikana kuwa inalipa bila kumnyang'anya mtu. Kunyang'anya, au kutaifisha kwa lugha ya sheria, kulikuja baadaye: mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ilichukua nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na majumba ya sinema yakawamo.

Na mahali? Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu 272,821. Mji ulikuwa unaishia mapema. Oysterbay, ambako maofisa wa kikoloni walikaa na ambako sasa walihamia mawaziri, mabalozi na wataalamu, ilikuwa pembezoni kaskazini. Baada yake ilikuwa Msasani, kijiji cha wavuvi na minazi, na barabara inayokwenda Bagamoyo. Wenye magari walikaa Oysterbay na Upanga, na barabara ilikuwepo. Uwanja mpana, tambarare, wa gharama ndogo, mwendo mfupi kutoka kwa wateja: kila sharti la Hollingshead lilitimia.

Wenye magari na wasio nayo

Hapa ndipo lawama huanza. Nchi ambayo watu wake wengi walitembea kwa miguu ilijenga sinema ambayo huingii bila gurudumu. Baada ya Azimio lawama hizo zilipata makali. Neno Wabenzi, yaani wale wapandao Mercedes-Benz, lilikuwa limeshaingia mitaani kama tusi la kisiasa, na viongozi walikuwa wamewekewa masharti ya kutokuwa na nyumba za kupangisha wala hisa za makampuni. Sinema ya magari ilionekana kuwakumbatia wale wale waliokuwa wanakemewa majukwaani.

Mimi nadhani wakosoaji walikosea kitu kimoja. Walichukulia kwamba gari Tanzania hutumika kama Marekani, mtu na mke wake na watoto wawili. Gari la hapa halijawahi kuwa hivyo. Mwenye gari ana ndugu, ana majirani, ana watoto wa majirani. Kuna pikapu, na nyuma ya pikapu hupakiwa mtaa. Kuna gari la ofisi ambalo dereva ndiye analala nalo. Kuna teksi, na watu watano wakichangia nauli. Gari likishafika uwanjani, watu hawafungiwi ndani: wengine hukaa juu ya boneti, wengine hutandika mkeka pembeni. Bado maskini hasa hakufika, hilo halina ubishi, na nauli ya kwenda Msasani usiku haikuwa mchezo. Ila duara la walioifaidi sinema ile lilikuwa pana kuliko orodha ya walioandikishwa kumiliki magari.

Tena familia ilipata pale kitu ambacho jumba la mjini halikutoa. Mtoto akilia, humpigii mtu kelele. Bibi ambaye asingekubali kukaa katika giza bega kwa bega na wanaume asiowajua, alikuwa tayari kukaa kiti cha nyuma pamoja na wajukuu. Vijana wawili wenye mambo yao nao walikuwa na gari lao, na kwa habari hiyo sinema za magari zilipata sifa ile ile duniani kote, Msasani ikiwamo. Wazazi walijua. Walikuwa wameegesha safu mbili mbele.

Jumapili ilikuwa siku ya filamu za Kihindi katika sinema nyingi za Afrika Mashariki, na katika sinema za magari ndiyo siku iliyojaza uwanja. Nairobi ilikuwa na viwanja viwili vya namna hii, Bellevue kwenye barabara ya Mombasa na Fox kwenye barabara ya Thika, na familia za Kihindi za jiji lile zilivigeuza kuwa mahali pa kukutania. Watu walifika jua likiwa bado juu, watoto wakacheza, vyungu vikafunguliwa, posa zikazungumzwa, na wakati fulani katikati ya mambo hayo filamu ikaanza.

Nini kiliiua?

Ukimuuliza Mmarekani, atakuambia televisheni. Jibu hilo haliwezi kutumika hapa. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa karibu miaka 30 Drive-In haikuwa na mshindani huyo. Wauaji wake walikuwa wengine, na walikuja kwa zamu.

Wa kwanza alikuwa mafuta. Mwishoni mwa 1973 na mwanzoni mwa 1974 bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne. Nchi isiyo na kisima ililazimika kubana matumizi, na moja ya hatua zilizochukuliwa ilikuwa kuzuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Msomaji asome tena sentensi hiyo akikumbuka Jumapili ndiyo siku gani. Kuna amri chache za serikali ambazo zimewahi kuipiga biashara moja mahali pabaya namna hiyo, na biashara yenyewe ilikuwa ya serikali.

Wa pili alikuwa uhaba wa fedha za kigeni, yaani dola na pauni ambazo nchi huzihitaji ili kununua vitu nje. Filamu hununuliwa nje. Taa za projekta, na vijiti vya kaboni vilivyowashwa ndani ya projekta za zamani ili kutoa mwanga mkali, hununuliwa nje. Vipuri vya magari, matairi na magari yenyewe, vivyo hivyo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimaliza akiba iliyokuwepo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtu aliyepanga foleni ya sabuni hakuwa na mafuta ya kuchoma kwenda Msasani kutazama filamu aliyokwisha kuiona mara tatu.

Wa tatu alikuwa mkanda wa video. Mashine za VHS zilianza kuuzwa Japani mwaka 1976, na katika miaka ya 1980 zilifika Dar es Salaam katika mizigo ya mabaharia, wafanyabiashara na ndugu walio Uarabuni na Ulaya. Mwenye gari ndiye alikuwa mtu wa kwanza mtaani kupata deki. Mteja yule yule aliyefaa kwenda Drive-In alikaa sebuleni na filamu mpya ya Kihindi iliyofika kabla haijafika kwenye sinema yoyote. Asiye na gari wala deki alipata kibanda cha video, mabenchi na jasho, vile ambavyo baadaye viliitwa vibanda umiza. Kila tabaka likawa limepata pa kutazamia, na hapo hapakuwa Msasani.

Wa nne ni yule wa kila mahali. Mji ulifika. Kile kilichokuwa kijiji cha wavuvi sasa kilizungukwa na nyumba za thamani, na bei ya kiwanja kikubwa, kitupu, kilicho kando ya barabara kuu ikapanda mpaka filamu isiweze kuifikia hata uwanja ungejaa kila usiku.

Mpangaji mpya

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998 gari lenye mabomu lililipuka nje ya Ubalozi wa Marekani uliokuwa barabara ya Laibon, Oysterbay. Watu 11 waliuawa. Dakika zile zile bomu la Nairobi liliua zaidi ya 200. Majengo yote mawili yalikuwa karibu mno na barabara.

Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayotaka kila ubalozi mpya uwe na umbali usiopungua futi 100, yaani kama mita 30, kati ya jengo na ukuta wa nje. Ukitaka mita 30 kila upande, kisha jengo lenyewe, kisha nafasi ya kuegesha na ya ukaguzi, unatafuta ekari nyingi mahali pamoja. Katika jiji ambalo viwanja vimekatwakatwa na kila kipande kina mwenyewe, hilo ni gumu. Unahitaji ardhi pana, tambarare, isiyo na majengo, iliyo kando ya barabara kubwa na karibu na wanapokaa wanadiplomasia.

Uwanja wa Drive-In ulikuwa na sifa hizo zote, na ulizipata kwa sababu mwaka 1966 ulipangwa kwa ajili ya magari. Ubalozi mpya ulifunguliwa hapo mwaka 2003, kando ya barabara ya zamani ya Bagamoyo. Watu hupenda kuchekea kwamba ubunifu wa Mmarekani umerithiwa na Mmarekani. Mimi naona la kuvutia zaidi ni vipimo: nafasi kati ya gari na gari iliyohitajika ili watu waione filamu ikawa nafasi kati ya ukuta na dirisha iliyohitajika ili watu wasife.

Inaweza kurudi?

Hili nalo huulizwa sana, hasa tangu mwaka 2020. Wakati huo korona ilifunga majumba ya sinema duniani, na kule Marekani kampuni ya maduka ya Walmart ikageuza maegesho ya maduka yake 160 kuwa sinema za magari kwa miezi michache. Marekani sasa imebaki na sinema za kudumu za aina hii takribani 300. Iliyo kongwe kuliko zote zinazofanya kazi, Shankweiler's, iko katika kitongoji cha Orefield, Pennsylvania. Ilianza mwaka 1934 pale mwenye hoteli alipowakaribisha wateja kwenye shamba lililo nyuma ya hoteli yake.

Anayetaka kujaribu Dar es Salaam au Nairobi leo ana unafuu ambao waliotangulia hawakuwa nao:

- Skrini ya kujazwa upepo husimama kwa saa moja na kukunjwa usiku huo huo.
- Filamu huja kwenye diski ndogo, haina haja ya kupita forodhani ndani ya makasha ya chuma.
- Sauti hurushwa kwa FM, na karibu kila gari lina redio, ingawa kibali cha masafa kitaombwa kwa mamlaka ya mawasiliano kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa.
- Magari yenyewe si haba tena, kama anavyojua kila aliyewahi kukaa kwenye foleni ya magari ya Mwenge, Dar es Salaam.

Ardhi ndiyo isiyo na dawa. Sensa ya 2022 imeihesabia Dar es Salaam watu 5,383,728, karibu mara 20 ya wale wa 1967, na hakuna mwenye ekari kumi tupu kando ya barabara anayefikiria bisi. Njia iliyobaki ni ile ya Walmart: kukodi maegesho ya duka kubwa au ya uwanja wa mpira baada ya saa za kazi, wakati lami imekaa bure. Safu zitakuwa bapa, bila tuta la Hollingshead, kwa hiyo magari marefu yawekwe nyuma na madogo mbele, na skrini iinuliwe juu zaidi. Wateja waruhusiwe kuja na vyungu vyao. Na masika yakianza, mwenye biashara afunge mpaka Juni.